Machozi ya Farasi Mmoja

Barbaro alipokufa Januari 29, 2007, magazeti ya Marekani yalimlilia kana kwamba taifa limefiwa na jemadari. Simlaumu aliyelia. Farasi huyo alishinda mbio za Kentucky Derby mwezi Mei 2006, na majuma mawili baadaye akavunjika mguu wa nyuma mjini Baltimore, mbele ya kamera za televisheni. Kwa miezi minane madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walimpigania. Watu waliomjua kwa picha tu walimpelekea maua, kadi, hata karoti. Mwishowe ugonjwa wa kwato ukawashinda waganga, akadungwa sindano ya kumpumzisha.

Ninalouliza ni hili: ni wangapi walioandika juu ya farasi wasio na sifa, wanaovunjika miguu katika viwanja vidogo na kuuawa papo hapo kwa kuwa bei yao haifikii gharama ya tiba? Hali ya mgonjwa mmoja tuliisoma kila kukicha. Kwa nini mnyama wa miaka mitatu, ambaye mifupa yake ingali inakua, akimbizwe hivyo? Hilo wachache mno walilihoji.

Mei 2008, Eight Belles alimaliza wa pili katika Derby iyo hiyo, akaanguka, miguu ya mbele yote miwili imevunjika. Aliuawa uwanjani, hapakuwa na wasaa wa karoti. Safari hii watu walighadhibika, na mwezi uliofuata kamati ya Bunge la Marekani ikawahoji wakuu wa mbio hizo. Sheria ya nchi nzima ya kuwalinda farasi ilipitishwa Desemba 2020.