Watalii wa meli wafike pia Dodoma

KILA mwaka, tangu Kaskazi inapoanza kuvuma hadi masika yanapokaribia, meli kubwa za watalii hupita katika bahari ya Afrika ya Mashariki. Baadhi hutia nanga Unguja, baadhi Mombasa, baadhi Dar es Salaam, na zile ndogo hufika hata Kilwa. Januari 2024, meli iitwayo Norwegian Dawn ilifunga gati Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Kuwaleta watu hao kwa njia ya anga kungehitaji ndege kubwa sita au saba.

Hilo ni jambo la kutia moyo. Hata hivyo, desturi ya meli hizo inajulikana. Abiria hushuka asubuhi, wengine wakatembezwa mjini, wengine wakarushwa kwa ndege ndogo hadi hifadhini, na jioni wote hurejea melini, ambako ndiko wanakolala na ndiko wanakokula. Sehemu kubwa ya gharama ya safari imekwisha kulipwa ughaibuni kabla mgeni hajaiona pwani ya Tanzania. Kinachobaki nchini ni ada za bandari, nauli za magari na ndege, na bei ya vinyago viwili vitatu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Bahi, Chamwino, Mpwapwa na Kondoa bado hajapona kwa mgeni huyu, kwa sababu hajapata hata kumwona.

Hapana budi basi kuuliza: ni nani anayeuchagua msimu wa safari hizo, na ni nani anayechagua vituo vyake? Jibu ni kwamba huchaguliwa na kampuni zenyewe, katika ofisi zilizoko Miami na miji mingine ya mbali, na ratiba aghalabu hupangwa miaka miwili au zaidi kabla meli haijang'oa nanga. Nchi inayongoja ratiba itangazwe ndipo ianze kujiandaa huwa imekwisha kuchelewa. Itapokea siku iliyopewa na saa ilizopewa, kisha itashukuru.

Lakini ratiba hizo si maandiko matakatifu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi ziache njia ya Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari zilizokuwa zimekwisha kuuzwa zilipangwa upya, na bandari za Afrika zikafikiriwa ambazo hapo kwanza hazikufikiriwa. Kampuni inayoweza kubadili njia kwa kuogopa hatari inaweza pia kubadili saa za kukaa bandarini ikionyeshwa faida. Kinachotakiwa ni mtu wa kumwonyesha faida hiyo, mapema, akiwa na hoja na hesabu mkononi.

Hesabu yenyewe imekuwa nyingine tangu reli ya kisasa ilipoanza kazi. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai 25, na Agosti 1 mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Safari iliyokuwa ikimchukua abiria wa treni ya zamani usiku kucha sasa ni ya takriban saa tatu na nusu kwa treni ya haraka. Kwa treni hiyo, mtu anayeshuka melini asubuhi anaweza kula chakula cha mchana katika uwanda wa kati, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.

Hata hivyo, ifaa kusema wazi kwamba kwa mtindo wa sasa wa meli kukaa bandarini siku moja, jambo hilo halina maana. Meli ikifunga gati saa 1 asubuhi na kuondoka saa 12 jioni, ina saa 11. Abiria hutakiwa kurudi mapema kabla ya kuondoka. Treni kwenda na kurudi huchukua saa saba. Na bado kuna mwendo wa kutoka gatini hadi stesheni, mara mbili. Kinachosalia hakitoshi hata kulizunguka soko la Majengo kwa utulivu. Na michoro ya miambani ya Kolo, ambayo ndiyo hazina kuu ya sehemu hii, iko kilometa 180 hivi kaskazini ya mji wa Dodoma. Anayemwahidi mtalii Kolo kwa safari ya siku moja anamdanganya.

Njia ipo, nayo ni kuziunganisha bandari mbili. Abiria washuke Dar es Salaam asubuhi ya siku ya kwanza na kupanda treni. Mchana wafike Dodoma, waende kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo au Mpunguzi, jioni wasikilize zeze na marimba za Wagogo, na walale mjini. Siku ya pili waondoke alfajiri kwenda Kolo kwa barabara ya lami ya Kondoa, warudi alasiri na kupanda treni ya jioni. Wakati huo meli itakuwa imekwisha kuvuka kwenda Unguja pamoja na abiria waliopenda kubaki baharini. Asubuhi ya siku ya tatu wasafiri wa bara watavuka kwa boti ya kasi, mwendo wa saa mbili hivi, na kuikuta meli yao Malindi. Unguja haitapoteza kitu. Itapata meli inayokaa siku mbili badala ya moja. Muungano una faida nyingi zinazosemwa majukwaani. Hii ni moja inayoweza kuhesabiwa kwa shilingi.

Na msimu? Hapa ndipo ujuzi wa mwenyeji unapotakiwa kuliko wa mwenye meli. Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, nazo ni kidogo, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka. Zabibu huvunwa mara mbili: mwanzoni mwa mwaka, Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba. Ukilitazama jambo hili kwa upande wa nchi kavu peke yake, Agosti ndiyo bora: hewa ni baridi, njia za kupandia kwenye miamba ya Kolo ni kavu, na zabibu zipo. Lakini Agosti ni wakati wa Kusi, na meli kubwa nyingi wakati huo ziko Ulaya na Alaska. Kwa upande mwingine, baada ya katikati ya Machi masika ya pwani hukaribia, na bahari ina hatari zake, kama kimbunga Hidaya kilivyoonyesha Mei 2024 kilipoipiga Mafia na pwani ya kusini.

Kwa hiyo, kwa watalii wa meli, wakati ufaao ni kuanzia mwanzo wa Februari hadi katikati ya Machi. Kaskazi bado inavuma, meli ziko katika bahari hii, mibuyu ya Ugogo ina majani, mashamba ya mtama na uwele yamesitawi, na zabibu ziko mtini. Kasoro yake ni matope katika njia za Kolo siku za mvua kubwa. Kasoro hiyo huondolewa kwa kokoto na mifereji, kazi isiyozidi uwezo wa halmashauri iliyokusudia.

Wapo watakaosema kwamba Dodoma haina la kumwonyesha mgeni aliyekwisha kuiona Serengeti. Watu hao hawaijui nchi yao. Michoro ya Kondoa iliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey aliishughulikia mwaka 1951 na kuitolea kitabu mwaka 1983. Katika mwamba wa Mungomi wa Kolo watu wa hapo wamekuwa wakifanya matambiko ya mvua hata katika nyakati hizi, jambo linaloufanya urithi huo uwe hai. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki wa Wagogo katika majukwaa makubwa ya Ulaya. Wageni waliomshangilia huko hawajaambiwa kwamba nyumbani kwake sasa ni safari ya saa tatu na nusu kutoka bandarini.

Ipo pia Kongwa, iliyo karibu na barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Kuanzia miaka ya 1960 wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na kwingineko walipewa kambi hapo. Kwa mgeni anayepanda meli Durban au Cape Town, Kongwa ni sehemu ya historia ya nchi yake mwenyewe.

Kongwa hiyo hiyo ina fundisho jingine. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapo mradi mkubwa wa karanga. Waliopanga walikuwa London. Walipima ardhi upesi, wakanunua matrekta, na hawakuujali ukame wa Ugogo ambao mkulima yeyote wa kijijini angewaeleza. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Mpango wa wageni uliotungwa mbali, bila kumwuliza mwenye kujua mvua inanyesha lini, una mwisho unaojulikana katika nchi hii.

Kinyume chake, wazee wa Ugogo wa karne ya kumi na tisa walijua thamani ya mahali walipo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ikatize Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, na ikitokeza upande wa pili imekauka koo. Maji yalikuwa ya Wagogo. Watemi walitoza hongo, neno ambalo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia, na misafara ilisimama na kulipa. Hakuna anayetaka kuurudisha utaratibu ule. Lakini akili iliyokuwamo ndani yake, ya kujua kwamba msafiri anakuhitaji na kukubaliana naye masharti kabla hajapita, hiyo yafaa irudi.

Masharti hayo yawe yapi? La kwanza, makundi yawe madogo. Michoro ya Kolo imedumu kwa karne nyingi. Mikono ya wageni mia tatu kwa siku moja inaweza kuiharibu isitengenezeke. La pili, chakula na kinywaji cha wasafiri wakiwa Dodoma kitoke Dodoma. Mkulima wa zabibu amelia miaka mingi kwa kukosa soko, huku mchuzi wa zabibu ukiagizwa kutoka nje. Itakuwa aibu mgeni aletwe hadi shambani kwake kisha anyweshwe mvinyo wa nchi nyingine. La tatu, vikundi vya ngoma vilipwe kwa mkataba, kama afanyavyo mwenye basi na mwenye hoteli. Mzee apigaye zeze si pambo la kumpokelea mgeni. Ana kazi, na kazi ina ujira.

Utekelezaji hauhitaji chombo kipya. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, Shirika la Reli, Bodi ya Utalii na wenzao wa Zanzibar wapo, na kila mmoja ana sehemu yake. Kilichokosekana ni kukaa pamoja na kuandika ratiba moja yenye tarehe, nafasi za treni, vitanda na bei, kisha kuipeleka kwa kampuni za meli miaka miwili kabla. Mtendaji anayejibu kwamba suala hilo liko katika idara nyingine aelewe kwamba meli haingoji majibu ya barua. Na Shirika la Reli lijue kwamba msafiri huyu hawezi kuchelewa hata kidogo: treni ikikwama njiani, meli itaondoka, na jina litakaloharibika ni la nchi nzima.

Wala isidhaniwe kuwa haya ni ya wageni tu. Msimu wa Agosti, usiofaa kwa meli, ni wa Watanzania wenyewe. Nanenane huadhimishwa Nzuguni, zabibu ziko sokoni, hali ya hewa ni nzuri. Mwalimu wa Temeke na mfanyakazi wa Kibaha wanaweza kupanda treni Ijumaa na kurudi Jumapili wakiwa wameiona Kolo na watoto wao. Wakizoea wao, huduma zitakuwa tayari kabla mtalii wa kwanza wa meli hajafika.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, kwa hoja kwamba mji huo uko katikati ya nchi na kwamba maendeleo yasibanane pwani. Serikali imekwisha kuhamia, na reli imefika. Utalii wa bahari nao ufuate njia hiyo hiyo, na kazi ya kuipanga ianze msimu huu, kabla ratiba za mwaka kesho kutwa hazijafungwa.