MIZINGA YA MAGOGO

Mtu wa Inyonga akisikia habari ya mzinga wa gogo atafikiri asali. Sisi leo twasema juu ya mizinga ya vita, nayo pia ilikuwa magogo.

Mwezi wa Juni 1916 Waingereza walikuja kwa vyombo vyao ziwani Tanganyika kulishambulia boma la Wajerumani la Bismarckburg, ndiyo Kasanga, katika Mkoa wa Rukwa ambao sisi watu wa Mpanda tulikuwa ndani yake mpaka 2012. Mkubwa wao, Spicer-Simson, alipoona midomo ya mizinga juu ya boma akageuza, akaenda zake. Wajerumani wakatoroka usiku kwa njia ya maji. Jeshi la nchi kavu lilipoingia tarehe 8 Juni lilikuta mizinga ile ni miti mitupu. Hila hiyo hiyo ilifanywa katika meli yao Graf von Götzen: mzinga halisi uling'olewa kwenda vitani bara, wa mti ukawekwa mahali pake. Meli hiyo waliizamisha wenyewe Kigoma, Julai 1916. Ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 ndiyo Liemba, iliyowashusha baba zetu Karema.

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulikicheka kisa hiki. Sasa hatucheki sana. Wakubwa wa vita wameandikwa vitabuni kwa majina yao. Aliyeangusha mti ule, akauchonga, akaupandisha bomani, yeye hakuandikwa. Waafrika makumi ya maelfu walikufa wakibeba mizigo ya ugomvi wa Wazungu. Jina la Kariakoo latokana na jeshi hilo la wapagazi, na wangapi wanunuao nyanya pale wanajua?

Tena yaliyobaki yanaliwa na majembe. Katika nchi yetu wako wanaochimba penye magofu ya Kijerumani wakitafuta rupia na dhahabu iliyofukiwa. Sisi wa Mpanda dhahabu twaijua, haimei chini ya ukuta wa boma! Waingereza walidanganywa siku moja tu. Vijana wetu wanadanganywa hata leo, na ukuta unaanguka.

Rai yetu kwa matawi ya kando ya ziwa, na kwa ndugu zetu wa Kasanga, ni hii. Kila tawi linunue daftari. Katibu achukue vijana wawili na kamba ya kupimia, waandike urefu wa kila ukuta, wapige picha, na zaidi ya yote wawaulize wazee: babu yako alibeba nini, akatoka wapi, aliitwa nani? Wazee waliosikia habari hizi kwa babu zao wanapungua kila masika. Nakala moja ibaki tawini, nyingine iende Makumbusho ya Taifa.

Mwanachama mmoja ametuuliza kwa nini tuhangaike na magofu ya mkoloni wakati zahanati ina shida ya dawa. Dawa tutaendelea kuzidai. Lakini ndugu, mawe yale hayakubebwa na mkoloni.

Sisi tutaanza Karema, mahali pa boma lililoanzishwa na Wabelgiji 1879, kisha likawa misheni. Wazee wa huko tumekwisha kuwaomba. Wamesema tuje baada ya mavuno.