Mombasa yakaribisha meli za watalii, mwenyeji hana pa kupandia

MELI kubwa ya kitalii inapotia nanga katika bandari ya Kilindini, ngoma hupigwa, wageni huvishwa mashada ya maua, na wakuu wa utalii husimama gatini kuwalaki. Mnamo Januari 2024, meli ya Norwegian Dawn ilileta zaidi ya abiria 2,000 kwa mpigo, na kwa siku hiyo gumzo la mji likawa ni meli.

Lakini mwendo mfupi kwa tuktuk kutoka gati hiyo, katika mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale, liko swali ambalo hotuba za makaribisho hazijalijibu: je, mwenyeji naye atapanda meli lini?

Tuchukue mfano wa nyanya wa miaka 70 na ushei, ambaye mjukuu wake anaoa Unguja. Daktari amemshauri asipande ndege kwa sababu ya moyo. Basi nalo halimfai, kwa kuwa miguu huvimba akikaa kutwa nzima bila kunyoosha goti. Yeye mwenyewe hana analotaka ila kwenda kwa bahari, kama alivyokwenda mamake, ili aione harusi kwa macho yake.

Sasa mlinganishe na Mwingereza wa umri wake anayetaka kuadhimisha miaka 50 ya ndoa. Huyo anaweza kupanda meli katika bandari ya Southampton, akavuka bahari ya Atlantiki kwa takriban juma moja, akatembea Barbados, Antigua na Saint Lucia, kisha akarudi Southampton bila kukanyaga uwanja wa ndege. Safari kama hiyo huchukua mwezi mmoja hivi, na tarehe zake hutangazwa mwaka mzima kabla, au zaidi.

Mwingereza huyo ana hakika ya kuvuka maelfu ya maili. Nyanya wa Kibokoni hana hakika ya kuvuka maili 130 za baharini zinazoitenga Mombasa na Unguja. Tofauti hiyo haitokani na umasikini pekee. Inatokana na jinsi tulivyoamua bandari yetu iwe ya nani.

Ilivyokuwa zamani

Haikuwa hivi daima. Kwa miongo kadhaa katika karne iliyopita, meli za kampuni ya British India, zikiwemo Karanja na Kampala, zilizoundwa miaka ya 1940, zilikuwa zikipita Mombasa katika njia ya Bombay, Shelisheli, Dar es Salaam na Durban. Tajiri alilala chumbani, na mnyonge alitandika jamvi lake juu ya sitaha. Wote wawili walifika.

Kwa jamaa za Mji wa Kale, bahari ilikuwa ndiyo barabara. Ukoo mmoja ulikuwa na watu Lamu, Pemba, Unguja na Ngazija, na harusi au msiba wa mmoja uliwasafirisha wote. Mahujaji nao waliagwa gatini kwa dua na vilio.

Enzi hiyo ilikatika pole pole. Ndege ziliwachukua wenye uwezo, na mipaka ya nchi huru ikaleta pasipoti na forodha mahali ambapo awali palikuwa na salamu tu. Kufikia 1976, Karanja ilikuwa imeuzwa kwa shirika la meli la India, na zama za British India katika pwani hii zikawa zimekwisha.

Hata baada ya hapo, Mombasa haikukosa kabisa meli za kuondokea. Katika miaka ya 1990, meli ya Royal Star ilikuwa ikiwachukua watalii hapa hapa na kuwapeleka visiwani. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu laonyesha kwamba Mombasa iliwahi kuwa mwanzo wa safari, wala si kituo cha kupitia pekee. Miaka hiyo hiyo pia vilikuwako vyombo vya kasi vilivyounganisha Mombasa, Pemba na Unguja.

Maharamia na mikasa

Kisha wakaja maharamia. Mnamo Novemba 5, 2005, meli ya kitalii Seabourn Spirit ilishambuliwa kwa bunduki na maroketi karibu na pwani ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa, ikalazimika kugeuza na kwenda Shelisheli. Mwaka 2009, meli ya MSC Melody ikashambuliwa mbali na visiwa hivyo hivyo vya Shelisheli. Kampuni za meli zikaiepuka pwani yetu, na ilichukua miaka mingi kabla hazijarudi.

Safari hizo zilipoanza kushamiri tena, likazuka la Bahari ya Shamu. Tangu Novemba 2023, mashambulizi ya Wahuthi wa Yemen yalizifanya kampuni nyingi kuikwepa njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Funzo lililo wazi ni kwamba biashara inayotegemea mgeni wa mbali peke yake hutikisika kwa risasi iliyofyatuliwa nchi nyingine.

Kwa abiria wa hapa, jeraha kubwa zaidi lilikuwa la mikasa ya vyombo vyetu wenyewe. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama ikaua watu 272 katika kivuko hiki hiki cha Kilindini. Septemba 2011, Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakaangamia. Kabla mwaka haujatimia, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama ikielekea Unguja kutoka Dar es Salaam. Mzazi anayesema mwanawe hapandi chombo cha bahari ana sababu zake, na haifai abezwe.

Gati jipya la nani?

Katika mazingira hayo ndipo Halmashauri ya Bandari nchini (KPA), kwa ushirikiano na shirika la TradeMark East Africa, ilipojenga jengo la kisasa la abiria wa meli za kitalii katika gati nambari moja. Mgala muue na haki yake mpe: jengo hilo lilihitajika. Kabla yake, mgeni alishuka katikati ya makontena na vumbi la shehena.

Tatizo ni matumizi yake. Meli za kitalii hazifiki kila siku. Huja kwa msimu, hasa miezi ya kaskazi, na nyingi hukaa siku moja au mbili kisha zikang'oa nanga. Abiria wake hulala na kula melini. Wengine huchukuliwa moja kwa moja na magari hadi mbuga ya Tsavo. Wanaobaki hupita Fort Jesus, wakapiga picha mbili tatu katika vichochoro vya Mji wa Kale, wakarudi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni wa saa nane humponya mwenyeji kiasi gani? Visiwa vya Karibi, ambavyo hupokea meli nyingi kupita sisi, vimelalamikia jambo hili kwa muda mrefu: meli hujaa bandarini, ilhali pesa nyingi hubaki ndani ya meli.

Inayofaidi kweli ni bandari ya kuondokea. Huko abiria hufika siku moja kabla na kulala hotelini. Meli hununua maji, mboga, nyama na mafuta. Wapagazi, madereva, wafua nguo na mafundi hupata kazi kila chombo kinapopakia. Ndiyo siri ya Southampton. Na msingi wa siri hiyo ni kwamba wenyeji wa nchi hiyo ndio wateja wa kwanza wa meli hizo, si watazamaji wa gatini.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba biashara ya kubeba abiria baharini hailipi hapa. Hoja yao haipaswi kupuuzwa. Njia ya feri kati ya Mombasa, Pemba na Unguja imekuwa ikitangazwa, ikianza na kusimama kwa miaka mingi. Mafuta ni ghali. Miezi ya kusi, hasa Mei hadi Agosti, bahari huchafuka na abiria hupungua. Basi la Tanga ni nafuu, hata likichosha.

Aidha, tangu kanuni za kimataifa za usalama wa bandari zianze kutekelezwa mnamo Julai 2004, Kilindini si mahali pa mtu kuingia na mkoba wake apendavyo. Nayo bandari ya kale, iliyo hatua chache kutoka Kibokoni, ni ya majahazi ya mizigo, na jahazi la mizigo si chombo cha abiria.

Hata hivyo, hoja ya kutolipa ingekuwa na uzito zaidi kama serikali ingeitumia kila mahali. Katika kivuko cha Likoni, mwenda kwa miguu havuki kwa nauli, kwa sababu serikali ilikubali kuwa kivuko ni huduma. Reli ya kisasa ilipozinduliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, haikungojewa ithibitishe faida ndipo ijengwe. Huko Tanzania, serikali iliikarabati MV Victoria ikairejesha katika Ziwa Viktoria mwaka 2020, kwa kuwa watu wa Bukoba na Mwanza walihitaji kusafiri.

Ugumu mwingine ni wingi wa wenye mamlaka. Gati ni la KPA, usalama wa vyombo uko chini ya Mamlaka ya Masuala ya Baharini (KMA), na uhamiaji, forodha na afya vina wakubwa wao. Ng'ambo ya pili lipo Shirika la Bandari Zanzibar. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwekezaji anayelazimika kubisha milango yote hiyo kwa chombo kimoja huishia kukipeleka kwingine.

Pa kuanzia

Yapo mambo ambayo hayahitaji mabilioni. La kwanza ni kulifungua jengo la gati nambari moja kwa vyombo vya abiria vya mwambao siku ambazo halina meli ya kitalii. Ukaguzi wa mizigo, uhamiaji na sehemu ya kungojea tayari vimepangwa humo.

La pili ni kuanza na kalenda ya watu wenyewe. Maulidi ya Lamu, yaliyoasisiwa na Habib Swaleh, huvuta wageni kila Mfungo Sita. Zipo sikukuu za Idi, likizo za shule na msimu wa harusi. Lamu iko karibu umbali ule ule kutoka Mombasa kama Unguja, takriban maili 130, na safari yake haivuki mpaka wa nchi. Leo msafiri wake hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha ndipo apande boti, katika njia iliyowahi kusumbuliwa na mashambulizi ya kigaidi. Chombo salama cha msimu kingepima soko bila kumfilisi mwenyewe.

La tatu ni uaminifu. Orodha ya abiria iandikwe na ifuatwe. Idadi isipitishwe hata siku ya mkesha wa Idi. Matokeo ya ukaguzi wa chombo yabandikwe dirisha la tiketi, mahali kila mnunuzi anaweza kuyasoma. Bila hayo, mizimu ya Mtongwe na Spice Islander itaendelea kukaa katika viti vilivyo vitupu.

Kwa sasa, familia inayopanga sherehe ng'ambo kwa njia ya bahari yapaswa kujihadhari. Ithibitishe kwa wakala kwamba chombo kinasafiri juma hilo hasa, wala isitegemee tangazo la mwezi uliopita. Iwe na siku mbili za akiba kabla ya harusi. Iandae pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Na kama sherehe yaweza kusogezwa, isogezwe miezi ya kaskazi.

Endapo chombo cha moja kwa moja hakipatikani, njia iliyobaki ni kuvuka mpaka wa Lunga Lunga kwa gari, kulala Tanga ili mzee apumzike, kisha kuulizia feri ya kwenda Pemba na Unguja, au kuendelea hadi Dar es Salaam, ambako feri za Unguja huondoka kila siku. Ni safari ya kuchosha, lakini ikigawanywa hivyo mgonjwa aweza kuistahimili.

Ushauri huo ni wa kuziba ufa tu. Ukuta wenyewe ni wa kujengwa na walio na dhamana. Mji uliozaliwa na bahari umebakiwa na kazi ya kuwapungia mikono wanaopita. Siku nyanya wa Kibokoni atakaposhushwa na tuktuk mlangoni pa gati nambari moja, akapewa kiti, akakaguliwa mkoba wake wa udi na kanga za zawadi, akapanda chombo bila kumwomba mtu hisani, ndipo tutakaposema kwamba jengo lile limefunguliwa. Hadi wakati huo, kilichofunguliwa ni mlango wa kutokea meli, wala si wa kuingilia.