Dawa Isiyo na Dawa Ndani Yake



Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inavifaa vile vidonge vidogo vitamu vya homeopatia, vinavyosifiwa kwamba huondoa kukakamaa kwa misuli na maumivu yaletwayo na mpira, jembe au mizigo mizito. Sisi tunasema wazi: anayeviuza anauza sukari kwa bei ya dawa.

Tutazame kwanza asili yake. Mwaka 1796 daktari Mjerumani Samuel Hahnemann alitangaza kwamba kitu kinachomletea mtu mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hiyo. Kwa hiyo wafuasi wake hutoa shaba kwa misuli iliyokakamaa, na ua la arnika kwa misuli inayouma. Tena hufundisha kwamba dawa huzidi nguvu kadiri inavyozimuliwa. Hapo hesabu inakataa. Chukua tone 1 la dawa, ulichanganye na matone 99 ya maji. Katika mchanganyiko huo chukua tone 1, ulizimue vivyo hivyo, na kuendelea. Ukifika mara ya 12, ni shida kubaki hata chembe moja ya kile ulichoanza nacho. Hata hivyo chupa nyingi huandikwa 30 CH, yaani kimezimuliwa mara 30!

Watajibu: «Fulani alivitumia, akapona.» Kweli alipona, lakini kwa sababu gani? Msuli uliokakamaa hulegea kwa dakika chache, hasa ukinyoshwa taratibu. Maumivu ya kazi isiyozoeleka huzidi kati ya siku ya 1 na ya 3, kisha hupungua yenyewe. Anayemeza kidonge siku ya 3 atakisifu kidonge. Angalimeza punje ya mchele, angaliusifu mchele. Jogoo huwika na jua huchomoza, wala si jogoo anayelichomoza.

Wengine wamekwisha kupima. Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia, baada ya kuchunguza tafiti nyingi, halikuona ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopatia huutibu. Nchini Ufaransa, bima ya afya ya taifa iliacha kuvilipia vidonge hivyo tangu tarehe 1 Januari 2021.

Wapo wanaosema kwamba ni sawa na majani ya bibi zetu. Sivyo. Katika majani mmea umo. Waweza kusaidia au kudhuru, na waweza kupimwa. Gome la mkinkona, mti uliopandwa sana hapa Kivu, lilitupatia kinini kwa kuwa kinini imo ndani ya gome.

Hoja ya mwisho ni hii: «Angalau havidhuru.» Hiyo ndiyo hoja ya hatari kuliko zote, kwa maana si kila msuli unaokaza umechoka tu. Mgonjwa wa kipindupindu hukakamaa misuli kwa kupoteza maji na chumvi; asiporudishiwa upesi, aweza kufa siku hiyohiyo. Mwenye kidonda ambaye taya lake linakaza huenda ana pepopunda. Hao wapelekwe mara moja kwenye kituo cha afya, na yule wa kwanza aanze njiani kunywa maji ya chumvi na sukari. Saa inayopotea kwa kungoja vidonge hairudi.

Kwa uchovu wa kawaida, pumzikeni, kunyweni maji, nyosheni misuli, na kuirudia kazi kidogo kidogo. Haya hayauzwi, ndiyo maana hayana mpiga debe.

Basi, mtu akiwaletea dawa, mwulizeni mambo matatu: ndani yake mna nini? Kwa kiasi gani? Nani ameipima, na aliona nini? Asiyeweza kujibu, msimpe fedha yenu, wala msimkabidhi mgonjwa wenu.