Ahsante haipandi daladala!

Haya, leo tupige stori za sisi tunaoshinda na kompyuta.

Mtaa ukishajua unaandika programu, umekwisha. Anko redio yake imegoma, dada wa saluni simu imezima, wote kwako. Malipo? "Ahsante mdogo wangu, Mungu atakulipa." Sawa, lakini tutakula ahsante mpaka lini?

Msicheke, cha bure kina gharama. Kuna jamaa wa Finland, Lasse Collin. Miaka kibao kaitunza bure programu ya kubana mafaili iitwayo xz, ambayo kompyuta za Linux dunia nzima zinaitegemea. Jamaa kachoka, na watu badala ya kumpa pole wanamlalamikia eti anachelewa! Akatokea msaidizi anayejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi. Akawa anasaidia, mwishowe akapewa funguo. Kumbe mwizi! Mwaka 2024 akachomeka mlango wa siri humohumo.

Aliyeshtukia ni Andres Freund, mtaalamu wa Microsoft. Machi 2024 aliona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wewe ungeshtuka? Mwenzio akachimba mpaka akaukuta, kabla haujasambaa kwenye mashine nyingi.

Mlinzi akikesha bila mshahara, usishangae mwizi akimpokea zamu. Kwa hiyo ukimwita kijana wa kompyuta, mtoe japo nauli. Konda hapokei ahsante.

Wiki ijayo, Mungu akipenda!