Doa Lililobaki na Najisi Iliyoondoka



Dada yetu mmoja wa Issuna, wilayani Ikungi, katika barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida, ametuletea barua yenye maswali matatu. Mumewe hufanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na kanzu yake ya Ijumaa imeingia madoa ya mafuta. Ana mtoto mchanga ambaye nepi zake hufuliwa pamoja na nguo za nyumba nzima kwa ndoo mbili za maji ya kununua. Tena nguo yake mwenyewe ina alama ya damu ya hedhi iliyogoma kutoka, na kwa ajili hiyo huacha kusali siku anapokosa nguo nyingine ya kubadili.

Tutaanza na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo zito kuliko mengine. Dada yangu, usiache Sala. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Asmaa bint Abi Bakr (R.A.), kwamba mwanamke mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya nguo iliyopatwa na damu ya hedhi. Akaelekezwa aikwangue, aisugue kwa maji, aisuuze, kisha asali nayo. Na katika Sunan ya Abu Dawud imo habari ya Khawla bint Yasaar, aliyekuwa na nguo moja tu. Aliuliza: je, ikiwa alama haitoki? Akajibiwa kuwa maji yanamtosha, na ile alama haimdhuru. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wameeleza kuwa kinachotakiwa kuondoka ni najisi yenyewe. Rangi iliyogoma baada ya juhudi ya kweli imesamehewa.

Basi doa na najisi si kitu kimoja. Chai iliyomwagika kwenye kanzu ni doa, wala haizuii Sala. Mkojo wa mtoto ukikauka juu ya kitambaa cheusi hauonekani kabisa, nao wazuia. Wako akina mama wanaohangaika na la kwanza mpaka vidole vikachubuka, na la pili wakalipita hivi hivi kwa kuwa macho hayakuona kitu.

Hapa ndipo zinapoingia zile ndoo mbili. Katika madhehebu yetu, maji yasiyofika kula mbili, yaani takriban lita 200, huwa najisi kwa kuingiwa na najisi tu, hata kama hayakubadilika rangi wala harufu. Nepi ikitumbukizwa ndani ya beseni pamoja na kanzu na ushungi, beseni zima limeharibika. Dawa yake ni nyepesi, tena haili maji mengi: shika nepi mbali na beseni, ondoa choo kilichomo, kisha mimina maji juu yake kwa kopo huku ukisugua na kukamua, mpaka uone rangi na harufu vimeondoka. Maji ndiyo yaijie najisi, isiwe najisi kuyafuata maji. Kopo mbili au tatu hutosha kwa nepi moja ya mkojo. Baada ya hapo nguo ni tohara, nawe waweza kuichanganya na nyingine katika povu la sabuni. Mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili na ambaye hajala chochote cha kushibisha ila maziwa, mkojo wake watosha kunyunyiziwa maji yakaenea pale ulipofika.

Sasa tuje kwenye ufuaji wenyewe. Damu, maziwa, yai na matapishi ya mtoto hutaka maji baridi. Maji ya moto huivisha damu ndani ya nyuzi kama yanavyoivisha yai sufuriani, na hapo doa hushika moja kwa moja. Loweka katika maji baridi yenye chumvi kwa nusu saa, sugua kwa sabuni ya mche, suuza, na urudie. Alama ya zamani kama ile ya dada yetu huenda ikafifia kwa kurudiarudia hivi na kuanikwa juani ikiwa mbichi, iwapo nguo ni ya pamba nyeupe. Isipofifia, jibu lake limekwisha kutangulia.

Mafuta ya alizeti yana tabia yake, nao wakazi wa Singida wanapaswa kuijua kuliko watu wengine wote. Mafuta haya, tofauti na ya nazi, yakikaa kwenye hewa na joto hugandamana kidogo kidogo, yakawa kama gundi ya manjano. Kanzu iliyodondokewa leo husafishika. Kanzu hiyo hiyo ikipigwa pasi kabla doa halijatoka, au ikiachwa juani siku nne, ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo usianze na maji. Nyunyiza unga mkavu au chaki iliyosagwa juu ya doa, uache saa moja ili unyonye mafuta, kisha ukung'ute. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo bila kuongeza maji, sugua taratibu kwa vidole pande zote mbili za kitambaa, iache robo saa, ndipo ufue kwa maji ya vuguvugu. Itazame ikiwa bado imelowa: ukiona kivuli cha doa, rudia kabla ya kuianika. Na huyo bwana, kama naruhusiwa kusema, avae nguo ya kazi kazini. Kanzu ya Ijumaa haina shughuli karibu na mashudu.

Manjano ya pilau huwatisha wengi, maana yakiguswa na sabuni hugeuka mekundu. Msishtuke. Suuzeni mpaka wekundu upungue, kisha nguo nyeupe ianikwe kwenye jua kali, nalo litafifisha rangi hiyo kwa siku moja au mbili. Chai huondoka kwa maji baridi na ndimu, ikiwahiwa. Vumbi jekundu la njiani liacheni likauke, mlikung'ute kwa brashi kwanza. Anayelitia maji mapema ametengeneza tope. Wino wa kalamu kwenye sare ya shule hutolewa kwa spiriti, ukiweka kitambaa kikavu chini yake, mbali na moto. Kwa kuwa wapo wanazuoni wanaoihesabu spiriti kuwa ni najisi, suuza vizuri mwishoni.

Kutu ya waya wa kuanikia au ya ndoo kuukuu hutoka kwa ndimu na chumvi na jua. Usiitie kabisa dawa ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi huiita jiki, kwani huzidi kuishikiza.

Na kwa kuwa jiki imetajwa: isichanganywe kamwe na ndimu wala siki, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Isimwagwe pia juu ya nepi iliyolala na mkojo, maana nayo hutoa hewa yenye kudhuru. Mkojo uondolewe kwanza kwa maji. Wauzaji wa rejareja wengine huipima ndani ya chupa za soda, nasi twaihifadhi hivyo hivyo chini ya meza, mahali mtoto anapofika kabla ya mtu mzima. Iwekwe juu, katika chombo kisichofanana na cha kinywaji. Mtoto akiinywa, msimtapishe. Asukutue kinywa, akimbizwe kituo cha afya, na chupa yenyewe ichukuliwe ili mganga aone alichokunywa.