Kuziamsha Kompyuta za Darsa



Tulipita Garsen baada ya sala ya Isha, tukakuta chumba cha kompyuta cha madrasa kimefungwa kwa kufuli, na mashine zote 6 zinanguruma ndani. Mwalimu wa kike alitueleza kwa haya: darsa ya kina mama ni ya saa moja tu baada ya alasiri, na kuziwasha mashine moja moja na kuzingojea hula robo yake. Basi huziacha usiku kucha. Umeme huo hununuliwa kwa michango ya kina mama hao hao. Hatukuweza kunyamaza, wala hatukuweza kumlaumu, kwani muda wao nao ni amana.

Dawa ipo, nayo ilibuniwa na kampuni za AMD na Hewlett-Packard katikati ya miaka ya 1990. Kompyuta iliyozimwa bila kukatiwa umeme huiacha kadi yake ya mtandao macho, ikitumia umeme kidogo mno na kusikiliza. Ruta ikitoa ujumbe uliobeba nambari ya kadi hiyo iliyorudiwa mara 16, kompyuta huwaka yenyewe. Ujumbe wote ni baiti 102, na kadi isiyotajwa haiitikii hodi ya mwenziwe.

Kesho yake tulishinda hapo. Katika kila mashine tuliruhusu uamsho huo kwenye mipangilio ya mwanzo, tukaziandika nambari daftarini, kisha tukaziingiza katika ruta. Mbili hazikuamka, maana zilitumia mtandao usio na waya; tukazivutia waya. Moja ilikataa hata hivyo, mpaka tulipoiondolea ile kawaida ya Windows ya kuwaka haraka, ambayo haiizimi mashine sawasawa.

Sasa mwalimu, ambaye nyumba yake imepakana na madrasa na hutumia mtandao huo huo, huziamsha kwa simu kabla ya kuvaa buibui. Kijana mmoja alitushauri tuifungue ruta ili mashine ziweze kuamshwa hata kutoka Malindi. Tulikataa: mlango ukiachwa wazi kwenye intaneti, wasiojulikana nao wataujaribu.

Umeme ukikatika usiku, baadhi ya mashine hazisikii wito mpaka ziwashwe kwa mkono. Siku hizo mwalimu hutoka mapema na ufunguo wake.